Mtoto Aliyehitimu Bila Kujibu

Kitabu kilinifikia kimevimba. Yalikuwa majira yale ambayo hapa Guangzhou kuta zinatoka jasho, nguo hazikauki wiki nzima, na chumvi inageuka uji ndani ya kopo. Mama wa mtoto alikitoa mkobani akakiweka mezani kwangu kama mtu anayeleta dawa, akasema, "Bibi, nisaidie. Mfundishe hiki."

Nikakitazama. Kitabu chembamba cha kufundishia watoto kusoma. Picha ya kuku, picha ya nyumba, picha ya mtu na mkuki wake. Herufi ni hizihizi tunazoandikia Kiswahili, ila hapa na pale pana u yenye vitone viwili kichwani kama macho ya panzi.

"Mie nifundishe hiki?" nikamwuliza. "Mie niliyeishia darasa la tatu? Tena lugha yenu wenyewe?"

"Wewe ndiye unayekaa naye," akasema.

Hilo lilikuwa kweli, na ndilo lililoniudhi.

Nieleze. Mie ni mtu wa Unguja. Ninakaa na binti yangu hapa mtaa wa Xiaobei. Yeye ana ofisi yake kwenye jengo la Tianxiu, anawasafirishia mizigo watu wa Dar na wa kwetu. Aliponiita nije, mume wangu alikuwa ameshafariki, na binti akasema, "Njoo Mama, nikutunze." Nikaja. Tangu siku hiyo anayetunza ni mie. Ghorofa ya juu yetu anakaa mwanamke mmoja, mwembamba, mwepesi wa mguu, mtu wa milima iliyo baina ya India na Burma. Wanaitwa Wanaga. Kila asubuhi anapanda metro kwenda Kangle kukagua mishono kwenye viwanda vidogo vya nguo, kwa ajili ya mnunuzi wa Kihindi, na jioni anarudi na vipande vya nyuzi nywelini. Mume wake anafundisha Kiingereza mji mwingine, huja mwisho wa mwezi. Binti yao nimemshika tangu ana miaka miwili. Sasa ana sita. Akitoka chekechea saa sita mchana anakuja moja kwa moja kwangu.

Majina yao wote ninayo kichwani, na ya mwalimu wa chekechea, na ya mlinzi wa chini na mkewe na mama yake mkwe. Siyaandiki kwa kuwa hakuna aliyenipa ruhusa. Lakini mtu asidhani nimesahau. Jina likiingia kwangu halitoki.

Sasa huyo mtoto ana Kichina cha shule, ana Kiingereza cha kwao, na ana Kiswahili changu. Na Kiswahili chake si cha kuokota. Akitaka kupita jikoni atakwambia, "Hebu nipishe, mwenzio nina haraka." Binti yangu alipomsikia mara ya kwanza alicheka mpaka akakaa chini. Mama yake hakucheka. Kwani lugha ya mama yake mtoto hakuwa nayo hata neno moja.

"Na wewe humsemeshi kwa nini?" nikamwuliza siku ile ya kitabu.

"Baba yake hajui lugha yangu, Bibi."

"Si Mnaga mwenzio?"

"Mnaga wa mlima mwingine. Kwao wanasema lugha nyingine kabisa. Tukikutana ni Kiingereza."

"Milima hiyo imepakana?"

"Kwa miguu nusu siku."

Nilishika kichwa. Nusu siku kwa miguu, na mume na mke hawasikilizani! Nikasema haya, si kazi yangu. Sababu ya kitabu ni ipi?

Hapo ndipo uso wake ulipobadilika. Mama yake mzazi yuko kule mlimani. Macho yamekwisha, haoni isipokuwa mwanga wa dirishani, na kifua kinambana kila baridi ikija. Mjukuu hajamwona tangu kuzaliwa, na sasa hata akiletewa hatamwona. Mwezi wa Disemba wanakwenda, tiketi zimeshapatikana. Na yule bibi ametuma ombi moja tu. Hataki nguo, hataki dawa ya Kichina. Ametaka mtoto amjibu kwa kinywa chake mwenyewe, kwa lugha ya nyumba yao, pasi na mtu wa kumfasiria. "Sina macho," alisema. "Nitamjua kwa sauti. Akinisemesha kwa ulimi wa watu nitajuaje kuwa ni wangu?"

Nikasema basi, lete kitabu.

Kosa langu la kwanza lilikuwa kudhani kitabu kinasomeka. Nilimwambia mama mtu akae anisomee ukurasa wa mwanzo. Akasoma neno. Nikalirudia.

"Siyo," akasema.

Nikalirudia.

"Siyo, Bibi. Sauti iko juu. Wewe umeiweka chini."

"Iko juu wapi? Nionyeshe hapa kitabuni."

"Haikuandikwa."

"Haikuandikwa vipi?"

Akanieleza kwa Kiswahili chake cha kutafuta maneno, alichokiokota kwangu. Lugha yao sauti inapanda, inakaa kati, inashuka, na kila ngazi inaleta maana yake, kama Kichina tu. Lakini Wachina walimu wao humwandikia mtoto mdogo alama ya kupandisha na kushusha. Sisi chuoni kwetu, tunakosoma Kurani, tuna irabu, vijistari vya juu na chini ya herufi vinavyokuambia hapa sema a, hapa sema i, hapa nyamaza. Hawa hawakuweka kitu. Waliokuja kuwaandikia lugha yao zamani walichukua herufi za Kizungu, wakaona sauti ni nyingi kuliko herufi, wakabandika vitone viwili juu ya u, wakaunganisha herufi mbili hapa na tatu pale, na habari ya kupanda na kushuka wakaiacha kwa msomaji.

"Kwa hiyo mpaka uwe unaijua lugha ndiyo ukisome," nikasema.

"Ndiyo."

"Basi hiki kitabu ni cha nani? Anayejua hakihitaji. Asiyejua hakimsaidii."

Akacheka kwa uchovu. Halafu akanionyesha m yao moja, ambayo kwanza unatoa pumzi puani, kama mtu anayezima mshumaa kwa pua, ndipo m inakuja nyuma yake. Nilijaribu mara nane. Mara ya nane nikapiga chafya. Mtoto alikuwa akitutazama, akasema, "Bibi, acha, utaumwa."

Kosa la pili sikulifanya mie. Tulipofika ukurasa wa tisa mama mtu akasita mwenyewe, akarudi nyuma, akasoma kwa kidole kama mtu anayetafuta sindano.

"Vipi tena?"

"Neno hili kijijini kwetu hatulisemi hivi."

Ikaja kujulikana kwamba kitabu kizima kiliandikwa kwa matamshi ya kijiji kikubwa kimoja, ndiko walikofikia wale waandishi, na vijiji vingine vyote vinasoma vivyo hivyo wakitaka wasitake. Naye shule yote alisoma kwa Kiingereza. Lugha yake anaisoma kwenye kitabu cha nyimbo za kanisani tu, siku za Jumapili, na hapo nyimbo anazijua kwa moyo. Nilimwambia, "Mwanangu, umeniletea nguo isiyokutosha wewe, unataka nimvike mtoto."

Lakini nilikuwa nimeshakubali. Na mie nikikubali jambo nalifanya kwa njia ninayoijua, na njia ninayoijua ya kumfundisha mtoto kitabu ni moja, ya chuoni kwetu. Unakaa chini. Unashika kijiti. Unaelekeza herufi, mwalimu anasema, mtoto anasema, mnayumba mbele na nyuma ili akili isilale. Leo mstari huu, kesho huu pamoja na wa jana. Humwambii mtoto maana, na mtoto haulizi. Mie nilimaliza juzuu zote thelathini hivyo hivyo, kwa sauti, na mpaka leo ukiniamsha usingizini nitaendelea pale utakapoanzia.

Mama yake alinirikodia kitabu chote kwenye simu. Basi kila siku baada ya wali, mtoto na mie chini mkekani, simu katikati. Simu inasema, mie nanyoosha kijiti cha kulia chakula, cha Kichina, mtoto anasema. Sauti ikipanda anapanda, ikishuka anashuka. Ile m ya puani aliipata siku ya tatu bila tabu, wala sijui aliipata vipi, mie mpaka leo inanipiga chenga. Wateja wa binti yangu wakija kunywa chai wanamkuta mtoto anayumba na kuimba maneno ambayo hakuna mtu Xiaobei nzima anayeyajua. Mzee mmoja wa Mombasa alikuja kununua vitenge, akauliza, "Huyu anasoma sura gani?" Nikamwambia, "Sura ya kuku na mkuki. Kunywa chai yako."

Joto likaja, feni ikawa inazunguka bure, tukaendelea. Mwezi wa Septemba mtoto akamaliza kitabu. Kutoka jalada mpaka jalada, bila kukiangalia. Nilimshika mikono nikamwambia, "Umehitimu." Nikamvisha gauni jeupe. Nikakaanga vitumbua, nikatoa halua ambayo mteja aliniletea kutoka nyumbani na nilikuwa nimeificha nyuma ya mafuta. Binti yangu akafunga ofisi mapema. Mama mtu alikuja kutoka Kangle na nyuzi zake kichwani, akaketi, mtoto akayumba mbele na nyuma akamsomea kitabu chote. Yule mwanamke alilia. Akanikumbatia. Akasema, "Tumpigie mama sasa hivi."

Tukapiga. Aliyeshika simu kule ni wifi yake, mke wa kaka. Tukaona jiko lao, moto katikati ya sakafu, minofu imening'inizwa juu ya moshi, na bibi mmoja mfupi mwenye shali amekaa kwenye kigoda, uso ameuelekeza pembeni ya simu kama wafanyavyo wasioona. Mama mtu akamwambia maneno. Bibi akanyanyua kidevu. Mtoto akaanza.

Alisoma vizuri. Wallahi alisoma vizuri. Ukurasa wa kwanza ukapita, bibi kimya. Wa pili, kimya. Katikati ya wa tatu bibi akasema kitu, kifupi, na kwa namna alivyomalizia hata mie nilijua ni swali.

Mtoto akanyamaza, akanitazama mie.

Nami, mwalimu mzima, nikamwambia, "Usisimame. Endelea."

Akaendelea. Bibi akauliza tena, safari hii kwa nguvu. Mtoto akapandisha sauti juu yake, kwa kuwa chuoni kwangu ukizongwa ndivyo unavyofanya, unapandisha sauti. Wifi mtu akaanza kucheka huku amejiziba mdomo. Bibi akapiga goti lake kwa kiganja, akasema maneno mengi, halafu akaugeukia moto wake.

Mama mtu alikuwa ametahayari. "Anasema nini?" nikamwuliza.

"Amemwuliza kama amekula."

"Na baadaye?"

Hakutaka kusema. Binti yangu akamshikilia aseme. "Anasema, mmeniletea mchungaji ananisomea mazishi yangu. Mwambieni mchungaji akae pembeni, nimsikie mtoto."

Halua ilibaki vilevile kwenye sahani. Mama mtu akanigeukia. "Bibi, umemfundisha nini miezi yote hii?"

"Nimemfundisha ulichonipa! Ulinipa kitabu, nimemfundisha kitabu!"

"Hajui hata neno moja maana yake!"

"Wewe uliniambia maana? Umekaa hapo hapo umelia kwa furaha dakika tano zilizopita, ulikuwa hujui kama hajui?"

Mtoto akatuuliza kwa Kiswahili, "Nimekosea wapi?" Na yeye ndiye aliyekuwa hajakosea popote.

Siku mbili niliwanunia wote. Niliosha vyombo kwa kishindo. Lakini nilikuwa nikijisema mwenyewe. Mie ninaposoma kwenye mswala wangu nisichokijua maana, Mola anakijua, na hilo linanitosha. Bibi wa watu si Mola. Yeye ni kizee kama mie, amekaa gizani, anataka ajibiwe. Vipi sikuliona hilo? Kwa sababu nilikuwa na haraka ya kuhitimisha, ndiyo maana. Nilitaka nionekane.

Siku ya tatu nilipanda ghorofa ya juu nikamwambia mama mtu, "Kitabu chukua. Nipe namba ya wifi yako."

"Utazungumza nini naye? Huna lugha."

"Ndiyo maana nitafaa."

Nikaweka sharti. Kila siku saa kumi alasiri simu inafunguliwa, inasimamishwa kwenye kopo dirishani, na saa nzima hiyo Kiswahili marufuku nyumbani kwangu, Kiingereza marufuku, Kichina marufuku. Mtoto akitaka maji, amwombe bibi yake aliye mlimani. Bibi akikubali, wifi atanionyesha kwa mkono nimpe.

Sijui mnajua maana ya mtu kama mie kufunga mdomo saa nzima. Binti yangu alikuwa anatoka ofisini makusudi kuja kuangalia. "Mama hasemi! Njooni mwone!" Nilimrushia kanga.

Siku za mwanzo ilikuwa balaa. Mtoto alilia, akataka katuni. Bibi alimfokea mtoto, akamfokea wifi, na nahisi mie pia alinifokea, kwa kuwa nilisikia jina langu limo humo limekaa vibaya. Wifi alisogeza simu kunionyesha wanachopika, nami nikaona ni nguruwe, nikageuza uso ukutani na mdomo nimeufunga kwa mkono. Bibi akauliza kitu, wifi akamweleza, na yule kizee akacheka mpaka kifua kikambana. Kuanzia siku hiyo kila wanapopika huyo mnyama wifi hunitangulia kwa kugonga sufuria mara mbili, nipate kugeuka.

Kilichonisaidia ni majina. Kizee yule hakai kimya. Kila anayepita mlangoni anamjua kwa hatua zake, na anamwita. Anamwita kwa upole akitaka kuni, anamwita kwa ukali kuku wakiingia ndani. Nami majina nayanasa. Kufikia Oktoba nilikuwa na majina ya ukoo wao mzima na majirani wa pande mbili, kila moja na kupanda kwake na kushuka kwake. Kitabu kilinishinda, lakini jina ukilisikia likiitwa kwa hasira mara kumi kwa siku, hulikosei. Mtoto akacheza mchezo: bibi anaita jina, mtoto anakimbilia picha ya mtu huyo kati ya zile alizotutumia wifi, tulizobandika ukutani. Kisha akawa anaita yeye, na wifi kule anakwenda kuwaleta watu wenyewe, wanakuja wanacheka, wanamwuliza maswali. Akaanza kuwajibu neno moja. Kisha mawili. Kisha siku moja mama yake alishuka kuniambia amegombezwa na mtoto wake kwa lugha yake mwenyewe kwa kuchelewa kurudi, na amemjibu kwa Kiingereza, na mtoto akaziba masikio.

"Kwa hiyo nifanye nini?" nikamwuliza.

"Bibi, sasa mimi ndiye nasahau maneno."

"Njoo saa kumi uje usome," nikamwambia. Alikasirika, lakini Jumapili alikuja, akakaa mkekani karibu na mtoto.

Mwezi wa Novemba simu haikupokewa siku nne. Siku ya tano wifi akapokea, na jiko lilikuwa tupu. Bibi alikuwa kitandani na mito mgongoni, pumzi inakwaruza kama msumeno unaokata mbao. Wifi alitaka kukata simu. Mama mtu naye, aliyekuwa kwangu siku hiyo kwa bahati, alianza kulia, akawa anasema kwa Kiingereza mapenzi mengi, mtoto amwambie bibi hivi, amwambie vile. Mtoto hakumsikiliza. Nikaitoa simu kwenye kopo nikamshikia, naye akasogea mpaka pua ikagusa kioo, akamwita bibi yake.

Bibi akauliza, taratibu sana, ni nani.

Mtoto akataja jina lake. Halafu, bila kuambiwa na mtu, akaongeza jina la mama yake, na la bibi mwenyewe, na la mama yake bibi, kama alivyokuwa akiwasikia wakitajana kule mlangoni. Kisha akaanza kumsemesha. Sikuelewa yote. Nilishika kwamba wanabishana, kwamba bibi anataka kuachwa alale na mtoto anamkatalia, anamwambia anywe supu, anywe sasa, yeye anasubiri. Wifi akaleta bakuli. Bibi akanywa. Kila akisimama mtoto anamfokea, na kwa lafudhi, mama mtu alininong'oneza, ya kijiji chao hasa, si ya kile kijiji kikubwa.

Kizee kikamaliza bakuli. Kikasema kitu mtoto akacheka. Mtoto akajibu, wifi akacheka, mama mtu akacheka huku anajifuta macho.

"Wamesema nini?" nikauliza.

Walikuwa wanaendelea. Wote wanne kwa mpigo, juu na chini na katikati, na yule mtoto ndiye mwenye kelele kuliko wote.

"Jamani, nauliza, wamesema nini?"

Robo saa nzima nimekaa na simu mkononi, mkono unanifa ganzi, nyumbani kwangu, na hakuna hata mmoja aliyegeuka kunifasiria.